Kuhamia famasia ukiwa na mkopo mgongoni: yanayosemwa na yalivyo

Nilikuwa mtu wa maabara kwa miaka sita kabla ya kwenda kusomea famasia, na mkopo wa shahada ya kwanza nilikwenda nao chuoni. Kwa hiyo wauguzi, watu wa maabara na wa mionzi wanaofikiria kuhama hunijia na maneno yale yale, mengi wameyaokota kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Yaliyo uongo mtupu hayanisumbui, hayo mtu huyagundua mwenyewe. Yanayoumiza ni yale yenye ukweli kidogo ndani yake.

"Ukirudi chuo, deni linalala"

Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo lililoniuma mimi. Ni kweli kwamba mikopo mingi ya wanafunzi huruhusu marejesho yasimame ukishasajiliwa tena masomoni. Ila kinachosimama ni makato. Riba huendelea kama kawaida, isipokuwa mkataba wako uwe umesema vinginevyo. Marekani, kwa mfano, mikopo ya serikali kuu ina sura mbili: kuna ule ambao serikali hubeba riba muda wote mwanafunzi akiwa darasani, na kuna ule ambao riba huhesabiwa tangu siku pesa inapotoka. Watu wawili waliokopa kiasi kimoja siku moja wanaweza kumaliza famasia wakiwa na madeni yasiyofanana hata kidogo.

Chukua deni la 10,000 kwa sarafu yoyote unayotumia, riba asilimia 6 kwa mwaka, na useme masomo pamoja na utarajali ni miaka mitano. Kama riba inahesabiwa juu ya deni la awali peke yake, utatoka ukidaiwa 13,000. Kama kila mwaka riba inaingizwa ndani ya deni na yenyewe ikaanza kuzaa, utatoka na 13,382. Ukiipeleka hiyo kwenye marejesho ya miaka kumi, makato ya mwezi yaliyokuwa yawe 111 yanakuwa karibu 149. Na hapo hujakopa hata senti moja ya ada ya famasia. Hilo ni lile deni la zamani tu, lile lililosemekana limelala.

Mimi niliomba taarifa ya mkopo nikiwa mwaka wa pili, nikitegemea kuiona tarakimu ile ile niliyokuwa nayo siku niliyoanza chuo. Haikuwa hiyo. Nikapiga simu nikiwa na hasira zangu, na karani, kwa upole ulionikera zaidi, akanisomea kifungu ambacho nilikisaini mwenyewe. Baada ya kimya kirefu nikamuuliza kama naweza kulipa riba peke yake kila mwezi. Akasema naweza, na ningeweza tangu mwanzo. Kwa deni la mfano wetu hiyo ni 50 kwa mwezi, na deni linabaki 10,000 mpaka siku ya kumaliza.

Basi kabla hujajaza fomu ya chuo, muulize anayekudai: riba inaendelea nikiwa masomoni? Inaingizwa lini ndani ya deni? Kusimamisha makato kunakuja kwenyewe au lazima niombe, na je, naomba upya kila mwaka? Tena usiuache mwaka wa utarajali. Huko hukai darasani, na kwenye vitabu vyao unaweza kuwa si mwanafunzi tena, kwa hiyo makato yakaanza wakati wewe bado unaishi kwa posho.

"Mimi tayari ni mtu wa afya, watanirukisha mwaka"

Mara chache sana. Baadhi ya vyuo hukubali masomo ya sayansi uliyokwishasoma, lakini kiini cha famasia hukiruki, kwa sababu kimepangwa kama ngazi: kemia ya dawa, utengenezaji wa dawa, kisha famakokinetiki, yaani namna mwili unavyoipokea dawa, kuisambaza, kuivunja na kuitoa. Muuguzi wa miaka kumi ataketi kwenye kemia ya kaboni pamoja na kijana aliyetoka sekondari juzi, na kijana atamshinda majaribio mawili ya kwanza.

Marekani shahada ya PharmD, ile ya kuwa mfamasia, kwa kawaida ni miaka minne, nayo hutanguliwa na angalau miaka miwili ya masomo ya msingi. Vipo vyuo vinavyokataa masomo ya sayansi yaliyopita miaka mingi, hata kama ulipata alama nzuri. Uingereza ni miaka minne ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa. Mtihani wa kuingilia wa Marekani, PCAT, ulifutwa mwanzoni mwa 2024, na nilisikia watu wakishangilia kana kwamba famasia imekuwa rahisi. Mtihani wa leseni, NAPLEX, uko pale pale mwisho wa safari, ukimsubiri yule aliyeingia kwa mteremko na mkopo mkubwa.

Uzoefu wako una faida, ila hauonekani kwenye ratiba. Unaonekana siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, wakati wenzako wanaogopa kumsogelea mgonjwa na wewe umeshamvutia kiti.

"Mfamasia kazi yake ni kuhesabu vidonge"

Nilikuwa nikisema hivyo mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wafamasia. Nawaomba samahani.

Kule maabara nilitoa majibu ya kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye damu, bila idadi. Mathalani bibi wa miaka 70, kilo 50, kreatinini miligramu 1.1 kwa desilita. Mashine haikuweka alama yoyote, maana jibu liko ndani ya kiwango. Unasaini, unachukua sampuli inayofuata. Kisha siku moja darasani mwalimu akaandika ubaoni kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ya kukadiria kasi ya figo kusafisha damu: chukua 140 utoe umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kama ni mwanamke zidisha kwa 0.85. Nikamweka bibi yangu humo. 70 mara 50 ni 3,500. Gawanya kwa 79.2, zidisha kwa 0.85. Ikatoka 38, yaani mililita 38 kwa dakika, wakati kijana mwenye afya huwa na 100 na kuendelea.

Figo za bibi zimechoka, na karatasi niliyosaini inasema yuko sawa. Sababu ni ndogo tu: kreatinini hutoka kwenye misuli, na bibi hana misuli ya kuitoa kwa wingi. Sasa tuseme daktari amemwandikia gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kila baada ya saa nane. Dawa hiyo hutoka mwilini karibu yote kwa njia ya figo, na ikirundikana inaweza kuziharibu figo zenyewe pamoja na masikio. Anayetakiwa kuishika karatasi hiyo, kupiga ile hesabu na kuinua simu kabla sindano haijavutwa ni mfamasia. Nilikaa pale nikijaribu kukumbuka ni mabibi wangapi niliwapitisha. Kazi yangu ilikuwa kutoa jibu sahihi, na jibu lilikuwa sahihi, ila sikuwahi kujua linakwenda kufanya nini.

Au chukua methotreksati. Kwa ugonjwa wa baridi yabisi hunywewa mara moja kwa wiki. Kosa la kalamu likiifanya kila siku, uboho huzimika na mgonjwa anaweza kufa. Vidonge vinahesabika vizuri katika karatasi zote mbili.

Ila nisikudanganye upande wa pili. Kwenye maduka mengi ya dawa, sehemu kubwa ya siku ni kubishana na bima, kukagua tarehe za kuisha muda, kuagiza mzigo, na ndiyo, kuhesabu vidonge. Kama kilichokukimbiza wodini ni kusimama kutwa na watu kukufokea, kasimame nyuma ya kaunta wiki moja kabla hujakopa.

"Mshahara wa mfamasia utalimaliza deni upesi"

Watu hulinganisha deni na mshahara wote wa mfamasia. Huo si wako wote, kwa sababu hata ungebaki ulipo ungelipwa. Kilicho kipya ni nyongeza tu. Fanya mshahara wako wa sasa ni 100 kwa mwezi na wa mfamasia anayeanza ni 130. Miaka minne bila mshahara umeacha 4,800. Nyongeza ya 30 itairudisha pesa hiyo kwa miezi 160, miaka kumi na tatu na ushei, kabla hujagusa ada wala riba. Muuguzi mwandamizi mwenye posho za usiku anaweza kukuta nyongeza yenyewe haipo. Mhudumu wa ngazi ya chini, ambaye mfamasia anamzidi mara tatu, hesabu yake ni nyingine kabisa, na yeye ningemwambia aende.

Tena soko hubadilika ukiwa bado darasani. Marekani vyuo vya famasia viliongezeka kutoka takriban 80 mwaka 2000 hadi zaidi ya 140 miaka ishirini baadaye, na mwaka 2025 kampuni kubwa ya maduka ya dawa, Rite Aid, ilifunga maduka yake yote. Aliyekopa kwa kuangalia mishahara ya mwaka alioingia alikuwa anapiga picha ya basi linalotembea.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona ukisemwa vya kutosha. Nchi hiyo hiyo ina mpango wa mwaka 2007 wa kuwasamehe salio watumishi wa umma na wa mashirika yasiyo ya faida waliokwisha kulipa marejesho 120 yanayotimiza masharti. Muuguzi wa hospitali ya umma aliyefikisha 80 akiacha kazi kwenda chuo, hesabu inasimama kwenye 80. Haifutiki, lakini akimaliza famasia akaajiriwa na duka la kampuni binafsi, yale 40 yaliyobaki hayasogei. Mshahara umepanda, na msamaha uliokuwa umebakiza miaka mitatu na miezi minne umekwenda na maji. Popote penye msamaha wa aina hii, swali si utalipwa kiasi gani tu, ni nani atakayekuajiri.

"Angalau famasia haina zamu za usiku"

Duka dogo, labda. Hospitali kubwa inataka dawa saa tisa usiku kama inavyozitaka saa tisa mchana.

"Ama uache kazi kabisa, ama ubaki ulipo"

Katikati pana nafasi kubwa. Nchi nyingi zina ngazi ya fundi dawa, mafunzo yake mafupi na ada yake ndogo, na ukikaa humo mwaka mmoja utajua kama unaipenda famasia au ulikuwa umechoka na wodi tu. Ufuatiliaji wa madhara ya dawa na usimamizi wa majaribio ya dawa mpya huajiri wauguzi na watu wa maabara bila kudai shahada ya famasia. Wapo waajiri wanaomsomesha mtu kwa sharti la kurudi kuwatumikia. Ufadhili huo ukiupata, soma kifungu cha anayefeli au anayeacha njiani, kwa maana gharama yote inaweza kugeuka deni siku hiyo hiyo.

Mimi nilibaki na zamu za Jumamosi kule maabara. Zilitosha riba na nauli, basi. Mwaka wa tatu, famakokinetiki iliponielemea, niliziacha kwa miezi minne. Kwenye taarifa ya mkopo miezi hiyo minne inaonekana mpaka leo, mistari minne ambayo salio linapanda.