Bahari haikukauka, imekupwa

Kila msimu wa wageni unapoanza, dawati letu la malalamiko hupokea barua zinazofanana kama mapacha. Mwandishi anaeleza kuwa alilipia chumba kinachotazama bahari upande wa mashariki wa Unguja. Alifika jioni, maji yamejaa hadi kwenye ngazi za hoteli. Akalala. Asubuhi alipofungua dirisha, bahari haipo. Kuna mchanga tu, na wanawake wanakwenda zao mbali wakiwa na kamba na magunia. Wapo wanaodai kurudishiwa fedha. Mmoja aliuliza, kwa maandishi na kwa herufi kubwa, ni taasisi gani inayohusika na kuyafungulia maji. Alijibiwa kwa adabu. Barua zote zinasomwa na zote zinajibiwa, hata hizo.

Nimetakiwa niandike makala ya elimu kwa umma kuhusu taratibu za kuitembelea Zanzibar, hasa kwa ndugu zetu wa Bara, wa Kenya na Waswahili walioko Ghuba na Ulaya, ambao siku hizi wanauliza sana na kulalamika sana. Taratibu nitazieleza. Lakini nilikuwa mtoto wa Jambiani kabla sijawa mtumishi, na sioni maana ya kumsomea mtu masharti ya kuingia nyumba ambayo bado hajui ndani mna nini. Na nikisema "nchi hii" humu ndani, mtu asinitafute maneno: Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya mwaka 2010, inaitaja Zanzibar kuwa nchi miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Zaidi ya hapo ofisi yangu haina la kusema.

Tuanze na hayo maji. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo linapokuja bamvua: yakijaa yanapiga kuta, yakipwa yanakwenda hadi mwambani, na tofauti ya juu na chini inaweza kufika mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji sana. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe kushuka Bwejuu, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, ufuo ni bapa na mwamba uko mbali, kwa hiyo yakipwa yanaacha uwanda. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina kiko karibu na mtu anaogelea karibu saa yoyote. Anayetaka kuogelea tu, basi, aende huko. Mvuvi yeyote kijijini atakwambia saa za maji bila ya kutazama kitabu, na hakutozi kitu. Hatuelewi kwa nini mtu anauliza nywila ya intaneti kabla hajavua viatu, halafu maji hayaulizi.

Sasa la muhimu. Huo uwanda wanaoulalamikia ndio sababu ya kuja. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo maji yakipwa, kinamama hutoka. Wanapiga mambo, yaani vigingi, mchangani, wanafunga kamba kutoka mambo hadi mambo, na kwenye kamba wanafunga vishada vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, wanauza. Kuna mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, na kuna spinosamu. Kotonii haipendi maji ya moto, na kwa kuwa bahari yetu imezidi joto, wengi walishindwa nayo wakabaki na spinosamu. Wengine wakahamia kwenye kutengeneza sabuni za mwani. Mama yangu alilima. Sare zangu za skuli zilitoka kwenye kamba hizo, na hadi leo nikinusa mwani uliokauka nakumbuka daftari jipya.

Kwa hiyo mgeni akiongozana na kinamama hao saa moja tu, kwa ruhusa yao na kwa malipo waliyokubaliana, ataona kitu ambacho dirisha la hoteli halikumwonyesha. Ataona vijana wakichokoa pweza mwambani kwa mkuki. Kizimkazi na vijiji vingine ataambiwa kuwa sehemu ya mwamba imefungwa kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, na akibahatika kuwepo siku ya kufungua mwamba, ataona kijiji kizima majini. Tunasisitiza: kamba za mwani si takataka zilizoletwa na maji. Watu wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, wanapita juu yake, waendao na kamera wanazikanyaga, kisha tunaletewa malalamiko kwamba mama fulani alifoka. Alifoka kwa sababu ulikanyaga mshahara wake.

Nije kwenye taratibu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kutoka nje anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Kiwango kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44 za Kimarekani, na bima hiyo inadumu siku 92. Hulipwa kwa mtandao kabla ya safari. Ukimaliza kulipa unapata hati, unaihifadhi kwenye simu na, tunashauri, unaichapisha pia, kwa sababu simu huzimika penye foleni. Bima uliyokata kwenu haichukui nafasi ya hii. Narudia, kwa kuwa swali hili linaulizwa kila siku: haichukui nafasi ya hii, hata ikiwa ni kubwa zaidi, hata ikiwa ya kampuni mashuhuri. Mtanzania hahusiki, wala mkaazi. Viwango na misamaha hubadilishwa kwa tangazo la serikali, kwa hiyo tazama tovuti ya serikali wiki moja kabla ya safari, siyo ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la familia.

Bima hiyo si kodi iliyovishwa kanzu, kama inavyosemwa barazani. Ukivunjika mguu kwenye mwamba, ukipotelewa na begi au pasipoti, unadai. Ila unadai kwa utaratibu. Ukiibiwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo, toa maelezo, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukitibiwa, chukua cheti cha daktari na risiti halisi, siyo picha ya risiti. Toa nakala, halisi baki nazo hadi utakapotakiwa kuziwasilisha. Wengi wanakumbuka kudai wakiwa wameshafika kwao, hawana RB, hawana risiti, wana hasira tu, na hasira haiambatanishwi kwenye fomu.

Kwa Mtanzania wa Bara: hapana, huhitaji pasipoti. Unahitaji kitambulisho chenye picha na jina lilelile lililo kwenye tiketi ya boti. Asiye Mtanzania anaonyesha pasipoti anapofika bandarini Malindi hata kama ametokea Dar es Salaam na siyo nje ya nchi. Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano aje na kadi ya chanjo. Mifuko ya plastiki acheni huko mlikotoka. Hapa ilipigwa marufuku mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo 2019, nalo nalitaja kwa sababu huwa halitajwi.

Kuna hawa tunaowaita papasi. Jina linatokana na mdudu, na tabia pia. Atakufuata kutoka bandarini, atakwambia hoteli uliyoipanga imefungwa au imeungua, atakupeleka kwa mjomba wake. Mtembeza wageni aliyesajiliwa ana kitambulisho. Mwombe akuonyeshe, wala siyo utovu wa adabu kuomba. Lipa mahali utakapopewa risiti ya kielektroniki ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Ikitokea tatizo na una jina, namba ya kitambulisho, tarehe na risiti, jalada lako linakwenda. Ukiwa na maelezo kwamba "alikuwa kijana mrefu, mcheshi, anaitwa Captain," hatuna pa kuanzia. Makepteni ni wengi.

Nalazimika pia kusema kuhusu makombe ya baharini. Kasa wote wa baharini wamo kwenye daraja la ulinzi mkali kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo bangili ya gamba la ng'amba haisafirishwi, iwe umeinunua, umepewa au umeiokota. Matumbawe nayo yanahitaji kibali, hata kipande. Kikikutwa uwanjani, mzigo unafunguliwa wote, kitu kinashikwa, maelezo yanaandikwa, na suala linaweza kufika mahakamani. Ndege haisubiri maelezo kuandikwa. Msamaha wa "sikujua" umeshatumika sana, umechakaa.

Sasa wale wanaosema Zanzibar ni ya wazungu na bei zake ni za wazungu. Hilo naliona kuwa uvivu, na nalisema kwa heshima. Gari namba 309 inakufikisha Jambiani kwa nauli ileile anayolipa mwalimu wa skuli na muuza samaki. Kijijini kuna nyumba za wageni za wenyeji. Bakuli la urojo, lenye bajia, kachori, viazi na chipsi za muhogo juu, halijawahi kumfilisi mtu. Ukija nyakati za masika, Machi hadi Mei, bei za vyumba hushuka, na kuna mvua, ndiyo, ni masika. Ukija Julai, nenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa: wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, kinamama wanaimba, kisha kila nyumba inatafuta mgeni wa kumlisha, kwa sababu asiye na mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa hana heri. Hapo huna haja ya kuuliza bei ya chakula. Ramadhani mikahawa mingi ya mitaani hufunga mchana. Hoteli huhudumia wageni wao. Usile barabarani. Jioni, wakati wa kufuturu, ndipo utakapojua mji huu unapika nini.

Mji Mkongwe sitaueleza, umeandikwa vya kutosha, na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ninachoomba ni watu wasiishie hapo. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, kwenye kibla chake, na watu bado wanasali humo. Wageni wanapita mbele yake wakikimbilia pomboo. Jozani kuna kima punju, ambaye hapatikani kokote duniani kwa asili isipokuwa visiwa hivi. Anakula majani ya mti wa mkungu yenye sumu kidogo, kisha anaiba makaa ya watu jikoni na kuyala, na wataalamu wanasema makaa ndiyo yanayomsaidia kuihimili sumu ile. Wazee wetu walishasema ni mnyama mwenye sumu ndani, wakamwita punju. Msimlishe ndizi. Ana dawa yake.

Na Pemba. Kuhusu Pemba naweza kuandika hadi mhariri anikate. Mtu akishuka bandarini Mkoani akapanda gari kwenda Chake Chake msimu wa karafuu, harufu inamtangulia: zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya kila nyumba, zingine hadi kandokando ya lami. (Usiegeshe gari juu ya jamvi. Imetokea.) Kisiwa ni vilima na mabonde, tofauti kabisa na Unguja. Pujini kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye simulizi za ukatili wake bado zinatumika kuwanyamazisha watoto. Msitu wa Ngezi una popo wa Pemba, wakubwa, wekundu kidogo, wasiopatikana pengine. Vijiji vingine vina mchezo wa ng'ombe, ambao watu huunasibisha na Wareno, na hapo mtu akae nyuma ya wenyeji, siyo mbele, kwa sababu ng'ombe hajui nani mgeni. Karafuu za kununua zitafutwe dukani, kwenye paketi na kwa risiti. Mkulima anauza kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na anayezinunua gunia zima usiku nyuma ya nyumba anajiingiza kwenye magendo ya karafuu, ambayo hapa kwetu hayachukuliwi kama mzaha.

Yule bwana wa kuyafungulia maji, kwa taarifa ya waliouliza, alirudi. Safari hii aliuliza kwanza, akaambiwa aje mwezi ukiwa mpevu ikiwa anataka kuyaona maji yamejaa kwelikweli. Wiki iliyopita tumepokea barua yake mpya: bamvua lilirusha povu hadi barazani kwake, viatu vikachukuliwa. Anadai viatu. Hakuambatanisha risiti. Barua imesajiliwa, na itajibiwa.