Vitabu vya Stephen King Nairobi: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Wapenzi wa Stephen King, mwandishi Mmarekani anayejulikana kwa riwaya za kutisha, tumejaa Nairobi kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vipya ni ghali, na Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilipovitoza asilimia 16 mambo hayakuwa mepesi, kwa hiyo wengi wetu hutegemea mitumba: vitabu vilivyotandazwa chini kandokando ya Moi Avenue na Tom Mboya, mteja akiinama kusoma migongo yake. Hapo ndipo tunapofahamiana, tunapobadilishana nakala na kubishana kuhusu mwisho wa hadithi. Hapohapo pia ndipo tunapopokezana habari zisizo za kweli. Kuna zinazomfanya mtu alipe pesa nyingi kwa nakala ya kawaida, na kuna zinazomfanya aruke nakala adimu akidhani ni takataka. Nyingi zina chanzo kimoja: kuhukumu kitabu kabla ya kukifungua.

“Hivyo ni vitabu vya shetani.”

Ninajua neno hili linakotoka. Waliokulia Kenya miaka ya tisini wanaikumbuka hofu ya ibada ya shetani. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuichunguza, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafikishwa Bungeni mwaka 1999. Katika mazingira hayo, riwaya yenye jicho jekundu au meno ya damu kwenye jalada haikuhitaji kusomwa ili ishukiwe.

Ukiisoma unakuta mambo mengine. King alilelewa katika kanisa la Kimethodisti, na amesema hadharani kwamba ameamua kumwamini Mungu. Katika The Stand, manusura wa ugonjwa ulioangamiza dunia wanaongozwa na Mama Abagail, ajuza wa miaka 108 ambaye nguvu yake ni maombi. Katika Desperation, iliyotoka mwaka 1996, anayewaokoa watu wazima ni mvulana anayejua kusali. Uovu umo, tena wa kutisha kwelikweli, lakini haushangiliwi popote. Mara nyingi unaanzia nyumbani. Shina la The Shining ya mwaka 1977 ni baba mlevi anayeogopa mikono yake mwenyewe, na miaka mingi baadaye, katika On Writing, kitabu chake kuhusu maisha yake na uandishi, King alikiri kwamba alikuwa anajiandika yeye bila kutambua. Kitabu cha namna hiyo kina faida hata kwa mzazi anayekikataza.

“Yeye ni wa mambo ya kutisha tu.”

Muulize Mnairobi yeyote anayependa filamu kuhusu The Shawshank Redemption ya mwaka 1994. Atakusimulia mwanzo mpaka mwisho. Mwambie imetokana na King, atabisha. Hadithi hiyo imo katika Different Seasons ya mwaka 1982, pamoja na The Body iliyozaa filamu ya Stand by Me. Mwaka 2011 alitoa 11/22/63, riwaya ya mtu anayerudi nyuma ya wakati kujaribu kuzuia mauaji ya Rais Kennedy. Mr. Mercedes ya mwaka 2014 ni ya upelelezi, na ilishinda Tuzo ya Edgar ambayo hupewa waandishi wa hadithi za uhalifu. Mwaka 2003 wakfu unaotoa Tuzo za Kitaifa za Vitabu Marekani ulimtunuku nishani kwa mchango wake katika fasihi ya nchi hiyo. Wapo wahakiki walionung'unika, lakini nishani anayo.

“Toleo la zamani na jipya ni kitabu kilekile.”

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo utamu wa kukusanya vitabu vya King ulipo. Kuna vitabu vyake vyenye jina moja na matini mbili tofauti.

Chukua The Stand. Ilipotoka mwaka 1978 ilikuwa imekatwa kurasa zipatazo 400 za muswada. Sababu haikuwa ya kifasihi hata kidogo. Mchapishaji alipiga hesabu za gharama, akaona kitabu kinene kiasi hicho hakitauzika kwa bei aliyotaka. Mwaka 1990, King akiwa ameshapata sauti ya kudai, kilichapishwa kikamilifu, kikapita kurasa 1,100. Matukio yaliyokuwa ya mwaka 1980 yakasogezwa hadi 1990, mwanzo na mwisho vikaongezwa, na wahusika waliokuwa wamefutwa wakarudi. Wawili wanaweza kubishana kuhusu The Stand saa nzima kumbe kila mmoja amesoma kitabu chake. Binafsi napenda lile refu, ingawa nakubali kwamba lile fupi linakwenda mbio zaidi.

The Gunslinger, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa The Dark Tower, kina kisa chake. Mwaka 1982 kilitolewa na Donald M. Grant, mchapishaji mdogo, nakala 10,000 tu za kawaida. Wasomaji wengi hawakujua kipo hadi walipoliona jina lake kwenye orodha ya vitabu vya King ndani ya Pet Sematary mwaka uliofuata, wakaanza kuandika barua kwa hasira wakiuliza kinauzwa wapi. Kisha mwaka 2003, akikaribia kuumaliza mfululizo, King alikiandika upya kwa sehemu ili kiafikiane na vitabu vilivyofuata. Kwa hiyo nakala yoyote iliyochapishwa kabla ya 2003, hata ya jalada jepesi lililokunjika pembe, ina maneno ambayo maduka ya leo hayauzi. Mimi naona ile ya zamani ni kavu na ya kuogofya zaidi, kama jangwa lenyewe inalolisimulia.

Kisha kuna Richard Bachman. Kati ya 1977 na 1984 King alitoa riwaya tano kwa jina hilo la bandia, kwa kuwa wachapishaji waliamini wasomaji hawatanunua zaidi ya kitabu kimoja cha mwandishi mmoja kwa mwaka. Aliyemfichua ni mfanyakazi wa duka la vitabu mjini Washington. Alishuku mtindo, akaenda kupekua kumbukumbu za hakimiliki katika Maktaba ya Bunge la Marekani, akakuta jina la King kwenye hati ya Rage, ya kwanza kati ya tano hizo. Siri ilifichuka mwaka 1985, na mwaka huohuo riwaya nne za mwanzo zikakusanywa katika The Bachman Books.

Angalia ni nne au ni tatu. Rage inasimulia mwanafunzi anayeua walimu na kuwateka wenzake darasani. Mwishoni mwa 1997 kijana mmoja aliwapiga wenzake risasi katika shule moja ya Kentucky, na ikabainika alikuwa nayo. King aliagiza isichapishwe tena, na mwaka 2013 akaeleza sababu zake katika insha aliyoiita Guns. Naiheshimu sana hatua hiyo. Tangu hapo The Bachman Books imebaki na riwaya tatu. Nakala ya zamani yenye nne bado hujitokeza mitaani kwa bei ya riwaya yoyote, kwa sababu muuzaji hajui tofauti. Rage yenyewe, ile ya mwaka 1977, ni kijitabu chembamba cha jalada jepesi ambacho hakina jina la King popote. Ndicho hasa mtu angekipita bila kugeuka, na ni miongoni mwa vitu vinavyotafutwa zaidi na wakusanyaji wake.

The Green Mile nayo huwachanganya watu kwa namna nyingine. Ukikuta kijitabu cha kurasa mia hivi chenye jina hilo, usidhani kimechanika. Mwaka 1996 riwaya hiyo ilitolewa kwa vijitabu sita, kimoja kila mwezi. Wauzaji huviuza kimoja kimoja bila kujua ni ndugu, na kuvitafuta vyote sita mjini ni kazi tamu.

“Hiki ni cha kwanza kabisa, bosi.”

Muuzaji anafungua ukurasa wa hakimiliki wa Carrie, riwaya ya kwanza ya King kuchapishwa, anaonyesha mwaka 1974, bei inapanda. Mwaka huo ni wa hakimiliki. Hausemi nakala iliyo mkononi ilichapwa lini. Tazama chini zaidi. Vitabu vingi vina mstari wa tarakimu, na tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa. Ikibaki 1, ni chapa ya kwanza. Ikianzia 17, ni ya kumi na saba. Vingine vya Uingereza huorodhesha miaka ya kurudiwa, mstari baada ya mstari.

Carrie ya kwanza ilitolewa na Doubleday Aprili 1974 ikiwa na jalada gumu, nakala 30,000, na ukingoni mwa ukurasa wa 199 kuna alama P6. King alikuwa amelipwa dola 2,500 za awali. Haki za jalada jepesi ndizo zilizouzwa kwa dola 400,000, nusu ikawa yake, akaacha kufundisha. Bei hiyo inaeleza mengi: mchapishaji aliyelipa kiasi hicho alikuwa na kila sababu ya kuvichapa vitabu hivyo kwa wingi mno, na wajukuu wa chapa hizo ndio waliofika kwetu ndani ya marobota. Kuwa na rangi ya chai hakuvifanyi kuwa adimu.

Nakala nyingine zenye jalada gumu zilichapwa kwa ajili ya vilabu vya vitabu. Za Uingereza mara nyingi huandikwa BCA karibu na jina la mchapishaji. Za Marekani hazina bei kwenye karatasi inayofunika jalada, na zikishikwa ni nyepesi. Ni nzuri kusoma, basi. Bei kwenye karatasi hiyo si jambo dogo kwa wakusanyaji: 'Salem's Lot ya mwaka 1975 ilichapwa ikiwa na bei ya dola 8.95, mchapishaji akabadili nia, pembe zikakatwa na kuwekwa 7.95. Nakala chache zilizoponyoka mkasi ndizo zinazowania nafasi ya juu.

Kuhusu sahihi: za kughushi ni nyingi duniani kote. Asiye na ushahidi wa ilikotoka asilipe hata shilingi ya ziada.

“Anaandikiwa na watu.”

Hakuna ushahidi wa hilo. Riwaya zimepita 60, ndiyo, lakini ameandika tangu utotoni, na The Long Walk aliiandika akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Katika On Writing anaeleza kwamba lengo lake lilikuwa maneno 2,000 kwa siku. Alipoandika na mtu mwingine alimtaja jaladani: Peter Straub katika The Talisman ya mwaka 1984, mwanawe Owen katika Sleeping Beauties ya mwaka 2017.

“Kibandike selotepu, kitadumu.”

Tumezoea tangu shuleni. Muhula ukifunguliwa, kila kitabu huvalishwa karatasi na plastiki na kubandikwa pande zote. Kwa kitabu cha darasa la nne ni sawa. Kwa nakala unayotaka ikae miaka thelathini, gundi ya selotepu hugeuka njano, hupenya karatasi na kuacha doa lisilotoka. Karatasi ya nje ivalishwe plastiki isiyo na gundi. Migongo isielekee dirisha, maana jua la Nairobi hufifisha rangi nyekundu ikawa ya waridi. Na msimu wa mvua hadi baridi ya Julai, rafu isiguse ukuta, kwa kuwa unyevu wa ukuta huleta ukungu.

“Ni lazima uvisome kwa mpangilio.”

The Dark Tower, ndiyo, na vile vya upelelezi vinavyoanzia Mr. Mercedes. Vingine vingi vinajitegemea. Miji ya Derry na Castle Rock hurudi tena na tena, na Padri Callahan wa 'Salem's Lot hujitokeza katika Wolves of the Calla karibu miaka thelathini baadaye, lakini asiyemjua hapotei njia. Wageni wengi huanza na It kwa sababu ya filamu, wanakutana na kurasa zaidi ya 1,100, wanakata tamaa kabla ya mia mbili. Anayeniuliza, mimi humpa Different Seasons: hadithi nne, na moja tayari anaipenda bila kujua ni ya nani. Akiimaliza, amfuate baba wa The Shining hotelini.