Nguru mmoja, mashine mbili

Jana tena. Mteja kaingia na nguru wawili kwenye barafu, wametoka Kongowea alfajiri, na kabla hajaketi: "Daktari, mashine yenu ni LC au GC? Nimeambiwa LC ndiyo mpya, ndiyo husema kweli."

Wallahi nimechoka. Upya wa mashine hauhusiani na ukweli. Zote mbili hutenganisha kemikali: LC kwa kimiminika, GC kwa gesi na joto. Kila moja ina kemikali za kuzuia moto inazoziona na inazoziharibu.

HBCD, mojawapo ya hizo kemikali, ndiyo, ipeleke LC. Kwenye GC joto likipita nyuzi 160 hivi, isoma zake, yaani maumbo yake ya alfa, beta na gama, hugeukana, ukabaki na jumla tu. Na isoma ndizo zenye habari: bidhaa ya kiwandani hutawaliwa na gama, samaki kwa kawaida na alfa. Nikiona gama tele kwenye nguru, nashuku meza yangu kabla ya bahari.

PBDE basi, kundi jingine la kemikali za kuzuia moto? Kwenye LC ya kawaida hazishiki vizuri chaji ya umeme ambayo mashine huitegemea kuziona. Rudi GC.

Ila GC nayo ina vituko vyake. BDE-209, mmoja wa ukoo wa PBDE, ina bromini 10, ni nzito, na ikikaa sana kwenye joto huvunjika. Mtu anaweka kolamu, lile bomba jembamba inamopita sampuli, ya mita 60, anaiokea humo, kisha anaandika "haikuonekana". Itaonekanaje, nawe umeichoma? Mita 15 zinatosha, na chupa ziwe za kahawia, maana mwanga nao huila.

Halafu kuna wanaohesabu ioni za bromini tu, 79 na 81. Ni rahisi, ni kali, hata mimi naitumia. Lakini haijui bromini ni ya nani. Ndani ya sponji za baharini hutengenezwa kiasili misombo inayofanana sana na PBDE, na samaki wetu huwa nayo. Kemikali za kulinganishia zilizotiwa kaboni-13 nazo hazikusaidii hapo, kwa kuwa unahesabu bromini tu, kaboni huioni.

Linaloninyima usingizi ni vumbi. Kiti changu kina sponji, kompyuta ina plastiki, na 209 hujitokeza hata kwenye sampuli tupu, ile isiyo na samaki. Kiasi cha tupu kikifika nusu ya kile cha samaki, nakitoa kwenye jibu la samaki kama kitabu kinavyosema, nami sina hakika natoa nini.

Nikamuuliza mteja anataka kujua kemikali ipi.

"Zote."

Basi atalipia mashine mbili.