Dimensheni zikizidi, ugumu unazidi? Sivyo

Fundi wa pancha pale Katwe, Kampala, alijaza upepo mpira wa ndani wa boda, akautumbukiza kwenye beseni na kungoja mapovu. Nikamwambia mwanafunzi niliyekuwa naye: hiyo ni manifoldi ya dimensheni 2, yaani umbo ambalo kila kipande chake kidogo huonekana bapa, na juu yake unasogea kwa njia mbili tu: mbele na nyuma, kushoto na kulia. Sisimizi akitembea juu yake ataona ubapa tu, hana habari ya tundu la katikati.

"Na za dimensheni 7, mwalimu? Si ndiyo balaa?"

Dhana: Dimensheni zikiongezeka, kazi inakuwa ngumu.
Iliyo sugu kuliko zote ni 4. Chukua raba mbili za kufungia mizigo, uzifanye pete zilizoshikana kama mnyororo. Katika dimensheni 3 huzitenganishi bila kukata. Ukiongezewa ya nne, moja inajisogeza kando, inachomoka. Nafasi ndiyo siri yenyewe. Kuanzia 5, hata nyuso mbili bapa zinazogongana husogezwa kidogo tu zikakwepana, kwa sababu 2+2 haifiki 5. Katika 4 hazikwepani. Ndiyo maana mwanahisabati Stephen Smale alithibitisha dhanio la Poincaré, la namna ya kulitambua tufe, kwa dimensheni 5 na kuendelea mwaka 1961, ilhali ile ya 3, tunamoishi, ilimsubiri Grigori Perelman hadi 2002 na 2003.

Dhana: Tufe ni tufe, basi.
Mwaka 1956 John Milnor alionyesha matufe ya dimensheni 7 ambayo unaweza kuyavuta hadi yawe tufe la kawaida, lakini kila ukijaribu panabaki mkunjo mahali fulani. Baadaye ikajulikana yako ya aina 28, ukihesabu na la kawaida. Je, katika 4 kuna tufe geni la namna hiyo? Hadi leo hakuna ajuaye.

Dhana: Kompyuta itazipanga manifoldi zote siku moja.
Haitawezekana. Mwanahisabati Markov alithibitisha mwaka 1958 kwamba kuanzia dimensheni 4 hakuna kanuni moja ya kuamua kama manifoldi zozote mbili ni sawa. Kwa hiyo wataalamu hujichagulia kundi dogo, kwa mfano zile ambazo kila kitanzi cha uzi juu yake kinaweza kusinyaa hadi kiwe nukta. Mpira wa fundi haumo: uzi uliouzunguka unakwama.