Kifaru cha askari wa miguu hakikutengenezwa kukimbia

Jamani, hii hoja ya "Waingereza walikuwa hawajui vifaru, ona kifaru chao cha Matilda kilivyokuwa kinatambaa" imenichosha, maana kila nikifundisha Vita vya Pili lazima mtu ainuke nayo na wala hajajiuliza ile Matilda ilikuwa inaenda na nani. Ilikuwa inaenda na watu wanaotembea! Askari ana mzigo mgongoni, anakwenda kilomita nne tano kwa saa kuelekea handaki la adui, na kinachommaliza ni rashasha, sasa kifaru kikimwacha nyuma kimemsaidia nini? Vya mbio walikuwa navyo, vile vya kruza. Hiki kilipewa chuma, Matilda 2 ilikuwa na milimita 78 mbele, Panzer III ya Wajerumani ya 1940 kama 30 hivi.

Na chuma kilifanya kazi. Arras kule Ufaransa, tarehe 21 Mei 1940, risasi za mizinga ya Wajerumani ya milimita 37 zilidunda mpaka jenerali wao Rommel akaleta mizinga ya milimita 88 ya kutungulia ndege. Nibeiwa kule Misri, Desemba mwaka huohuo, Waitaliano nao hawakuweza kuitoboa.

Mkitaka kulaumu, laumuni mzinga. Ule wa Matilda wa milimita 40, kwenye vifaru, ulipewa risasi ngumu za kutoboa chuma, makombora ya mlipuko hakuna. Yaani kifaru ambacho kazi yake ni kunyamazisha rashasha na mizinga iliyojificha, kinarusha kipande cha chuma ambacho kisipompata mtu au mzinga wenyewe kinazama mchangani na adui anaendelea kupiga! Kilichobaki ni rashasha yake tu, na mzinga wa 88 unakupiga ukiwa mbali ambako rashasha yako haifiki. Halfaya, mpakani mwa Misri na Libya, Juni 1941, Matilda ziliteketea hivyo, na hilo halina uhusiano wowote na spidi.

Churchill, kifaru kingine cha askari wa miguu, ilipanda vilima, Longstop kule Tunisia 1943 ni ushahidi, na baadaye ilipopewa mzinga wa milimita 75 ndiyo ikarekebisha kasoro hiyo.

Ila kama kugawa vifaru makundi mawili, vya askari wa miguu na vya mbio, kulikuwa sahihi, mpaka leo najibishana mwenyewe. Jenerali wa Uingereza, Montgomery, alitaka kifaru kimoja cha kazi zote. Halafu Normandy, 30 Julai 1944, Churchill hizohizo "za kutambaa" zilifika Kilima 309 zikiwa peke yake, askari wa miguu wakazikuta huko juu baadaye.