Simu ya bei ya kati Lubumbashi: mimi naanza kuipima kwa umeme

"Fundi, hii telefone iko muzuri?" Anayeniuliza huwa tayari ameshika kasha, na kidole kiko juu ya namba kubwa iliyochapwa mbele: megapikseli 50, megapikseli 108, RAM 8+8. Namba hizo si za uongo, lakini hazijibu swali lake. Dola 150 hadi 250 ni pesa nyingi katika mji huu, na anayezitoa anataka simu itakayompigia, itakayompokelea pesa, itakayobeba picha za watoto na WhatsApp ya ukoo mzima kwa miaka mitatu au minne. Ubora wa simu ya namna hiyo unajulikana katika saa zake ngumu. Umeme umekatika tangu asubuhi, rezo (mtandao wa simu) inakuja na kuondoka, jua liko utosini, vumbi limejaa mfukoni. Hapo ndipo ninapozipima.

Kitu cha kwanza ninachotafuta hakiandikwi kwenye kasha lolote: umeme ukirudi kwa nusu saa tu, simu hii itaingiza kiasi gani?

Hesabu yake si ngumu. Betri ya mAh 5,000 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), ambayo siku hizi ndiyo ya kawaida kwa simu za bei hii, ukiizidisha kwa volti 3.85 unapata takriban wati-saa 19. Chaja ya zamani ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10, na sehemu ya wati hizo inapotelea kwenye joto. Kuijaza betri kutoka sifuri kwa chaja hiyo kunakula karibu saa tatu. Chaja ya wati 25 inamaliza kazi hiyo kwa saa moja na nusu hivi. Lakini mimi naangalia zaidi ile nusu saa ya mwanzo. Betri ya lithiamu ikiwa tupu inapokea mkondo mkubwa. Ikikaribia asilimia 80, simu yenyewe inaupunguza ili volti isivuke kikomo. Kwa hiyo katika nusu saa ya kwanza, wati 25 zinakupa karibu nusu ya betri, na wati 10 zinakupa robo tu. Kama unaishi Katuba au Ruashi, umeme ukaja saa tano usiku na kuondoka kabla hujalala vizuri, nusu betri inakufikisha jioni ya kesho. Robo inakuacha njiani.

Ndiyo maana nasisitiza chaja ihesabiwe ndani ya bei. Samsung Galaxy A15, iliyotoka Desemba 2023, inakubali wati 25, lakini ndani ya kasha lake hakuna chaja, kuna waya tu. Mtu akifika nyumbani akaichomeka kwenye chaja aliyokuwa nayo tangu zamani, simu inarudi kwenye wati 10 na pengine chini ya hapo. Kosa si la simu. Chaja na simu huzungumza kwanza kupitia waya, zikaelewana juu ya volti na ampea. Zisipoelewana, zinabaki kwenye volti 5. Kwa A15 inafaa chaja yenye maandishi USB Power Delivery. Xiaomi Redmi Note 13 ya 4G, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa 2024, inafika wati 33, nayo inataka chaja ya kampuni yake ili ifike huko. Ukinunua simu ya dola 180 na chaja ya dola 2, umenunua simu ya wati 10.

Kuna jambo jingine la chaja za bei ya chini ambalo naliona kila mara mezani kwangu. Mteja anasema kioo kimekufa: anagusa hapa, simu inafungua pale, herufi zinajiandika zenyewe. Namwomba achomoe waya. Kioo kinatulia papo hapo. Kioo cha kugusa hupima mabadiliko madogo sana ya umeme kwenye ncha ya kidole, na chaja isiyochuja umeme vizuri inaleta kelele ambayo kioo kinaidhani kuwa kidole. Dukani, kabla ya kulipa, chomeka simu kwenye chaja itakayokuja nayo na uandike ujumbe mrefu. Kama herufi zinaruka, kataa chaja hiyo.

Volti ndogo za jioni, mtaa mzima unapopika, haziiumizi chaja nzuri. Soma pembeni yake, imeandikwa volti 100 hadi 240. Kinachoua ni mshtuko wa umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke.

Na wengi wananiuliza juu ya powa banki. Ile ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Namba hiyo imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, ambazo ni wati-saa 37. Kuzipandisha hadi volti 5, kisha kuzishusha tena ndani ya simu, kunapoteza nyingi. Hesabu mara moja na nusu. Hata hivyo mimi ningeinunua mapema kuliko kuongeza dola 30 kwa ajili ya kamera.

Betri yenyewe inastahili heshima, na sisi wa Katanga tuna sababu zaidi ya wengine. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa Kongo, sehemu kubwa upande wa Kolwezi, na betri nyingi za simu zinatumia oksidi ya lithiamu na kobalti. Siku hizi magari mengi ya umeme yana betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata kidogo, lakini simu imeendelea nayo kwa sababu inabeba nishati nyingi mahali padogo. Adui yake ni joto. Simu iliyochajiwa chini ya mto, au iliyoachwa juu ya dashibodi mwezi wa Oktoba, inazeeka haraka kuliko ile inayotumika mchana kutwa kivulini. Kwa hiyo ninapoipima simu naipiga video ndefu ikiwa kwenye chaja, kisha naishika mgongoni. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto kiasi cha kutaka kuiweka chini, nairudisha.

Baada ya umeme, rezo. Hapa watu wanahesabu vijiti, na vijiti kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu (wengi wetu tumeiweka kwa Kifaransa, tafuta "À propos du téléphone"), kisha hali ya kadi ya SIM. Utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm: hiyo ndiyo nguvu ya rezo inayoifikia simu. Kwa 4G, −85 ni nzuri. −110 na kushuka ni dhaifu. Ujue pia kwamba kila tofauti ya 3 ni nguvu mara mbili, na tofauti ya 10 ni mara kumi. Chukua kadi yako, iweke kwenye simu unayoijua, kaa kwenye kiti kimoja, soma namba kwa dakika moja maana inacheza. Hamishia kadi kwenye simu mpya, usisogee, soma tena. Tofauti ya 2 si kitu. Simu mpya ikiwa chini kwa 7 au 8 kila mara, antena yake ni dhaifu na hakuna fundi atakayeirekebisha. Mgongo wa plastiki, ambao watu wanaudharau, hauzuii mawimbi. Usiukatae kwa sababu hiyo.

Jambo hili linarudi moja kwa moja kwenye betri. Mnara ukiwa mbali, simu inapaza sauti: kwenye 4G inaweza kutoa hadi miliwati 200, na kwenye GSM (2G) ya MHz 900 hadi wati 2, kwa vipande vifupi sana vya muda. Simu ileile inayomaliza siku vizuri katikati ya mji itazimika mapema kwa mtu anayekaa pembeni kabisa. Wakati mwingine mtu ananiletea simu akisema betri ni mbaya, na betri ni nzima kabisa. Anachohitaji ni kadi ya kampuni yenye mnara karibu na nyumba yake.

Kwa simu zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, angalieni mambo mawili. Baadhi zimefungwa kwa kampuni iliyoziuza huko na hazikubali kadi nyingine. Baadhi hazina bendi ya 20, ile ya MHz 800 inayotumika Ulaya na nchi nyingi za Afrika na inayopenya kuta vizuri. Bendi ya 3, ya MHz 1800, nyingi zinayo. Na 5G? Kwa matumizi ya kila siku hapa, mimi sitoi dola ya ziada kwa ajili yake.

Nafasi za kadi zinasahaulika mpaka siku ya kuzihitaji. Lubumbashi mtu ana M-Pesa kwenye Vodacom, Airtel Money kwa ajili ya wateja wengine, na shangazi anatumia Orange. A15 na Redmi Note 13 zote zina kile kisahani cha nafasi mbili: kadi mbili za SIM, au kadi moja ya SIM na moja ya memori. Huwezi kuwa na vyote. Simu nyingi za Tecno na Infinix zina nafasi tatu, na kwa mama anayefanya biashara ya pesa kwa simu huo ni ubora mkubwa kuliko kioo chochote.

Tukija kwenye kasi, wengi wanaangalia RAM (memori ya kazi), nami naangalia hifadhi, mahali picha na programu zinapokaa. Ile 8+8 maana yake simu ina RAM gigabaiti 8 za kweli, na 8 nyingine inaziazima kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi. Zihesabu kama 8. Hifadhi yenyewe ina aina mbili kwa bei hii: eMMC 5.1, ambayo kikomo chake ni megabaiti 400 kwa sekunde, na UFS 2.2, ambayo inapita mara mbili ya hapo. Tofauti hutaiona siku ya kwanza. Utaiona mwaka wa pili, hifadhi ikiwa imejaa video za harusi na za kanisa, pale kufungua WhatsApp kunapoanza kuchukua muda. Chukua gigabaiti 128 angalau, na usiijaze kabisa, kwa sababu hifadhi za aina hii zinahitaji nafasi tupu ili ziandike haraka.

Kwa prosesa (ubongo wa simu), uliza jina lake na mwaka wake. Helio G99 ya 2022, iliyo ndani ya A15 ya 4G, na Snapdragon 685, iliyo ndani ya Redmi Note 13 ya 4G, zote zimetengenezwa kwa nanomita 6 na zinakula umeme kidogo. Helio G85 ni ya 2020, ya nanomita 12, na bado inauzwa ndani ya makasha mapya yanayong'aa. Simu mpya yenye moyo wa 2020 iwe na bei ya chini, la sivyo mwache muuzaji nayo.

Kioo kipimeni nje, saa sita mchana, mkisoma ujumbe. Vioo vya simu hizi mbili, vya aina ya AMOLED, vinasomeka vizuri. Vioo vingi vya aina ya LCD vya bei ya chini vinageuka kijivu. Na vumbi letu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ni hatari kuliko funguo. Funguo za shaba nyeupe ni laini kuliko kioo. Vumbi lina chembe za kwazi (quartz, madini ya mchanga), zenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na kioo cha simu kinaanza kukwaruzika kwenye 6. Bandika plastiki ya kinga siku hiyohiyo. Redmi Note 13 ina kiwango cha IP54, yaani imekingwa kwa kiasi dhidi ya vumbi na matone, A15 haina.

Kamera nitaipitia haraka: megapikseli 50 kwa kawaida zinaunganishwa nne-nne kuwa picha ya 12.5, na ile kamera ndogo ya megapikseli 2 ni ya kupamba mgongo. Mpige picha mtu aliyesimama mbele ya dirisha. Uso ukitoka mweusi usio na sura, hiyo ndiyo kamera utakayokuwa nayo kwenye kila sherehe.

Kabla ya kulipa, pita kwa mafundi, wa soko la Kenya (commune yetu, si nchi) au wa mjini, uulize bei ya kioo cha modeli hiyohiyo na kama kipo. Kioo cha AMOLED kinaweza kumeza theluthi ya bei ya simu au zaidi, na modeli isiyo na vipuri mjini itakulazimisha kusubiri mzigo. Kisha bonyeza *#06# na ulinganishe tarakimu 15 za IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na zile za kasha. Angalia pia tarehe ya sasisho la usalama kwenye mipangilio, hasa kama pesa zako zinapita humo.

Kati ya hizo mbili, kwa mtu ambaye umeme unamjia kidogo na anatembea kwenye vumbi kila siku, nampa Redmi Note 13 pamoja na chaja yake ya wati 33. Kwa anayetaka kukaa na simu moja muda mrefu, nampa A15, kwa sababu Samsung iliiahidi masasisho ya usalama ya miaka mitano, yaani hadi mwisho wa 2028, na nitamwandikia kwenye karatasi jina la chaja ya kununua kabla hajatoka dukani.