Je, wajua kwa nini pombe ya cheri nyekundu hutoka nyeupe kama maji?

Maraska ni cheri ndogo, chachu, nyekundu ya kuiva mpaka inakaribia weusi. Ukiiminya, vidole vinabaki na madoa kutwa nzima. Inakua pwani ya Dalmatia, nchini Kroatia, hasa kuzunguka mji wa Zadar. Lakini kinywaji kinachotokana nayo, maraskino, humiminika kwenye glasi kikiwa cheupe kabisa. Rangi imeenda wapi?

Jibu limejificha ndani ya jina la pombe kuu ya nchi hiyo, rakija (tamka "rakiya"). Wakroatia walilipata neno hili kwa Waturuki, nao Waturuki walilitoa katika Kiarabu: araq, yaani jasho. Neno letu la araki, kileo kikali, limechotwa kisima hichohicho.

Kwa nini jasho? Fika kijijini msimu wa vuli, matunda yakishavunwa. Uani kuna chungu kikubwa cha shaba, wenyewe hukiita kazan, chenye kifuniko cha shingo ndefu. Ndani yake mna matunda yaliyopondwa na kuachwa wiki kadhaa yachachuke. Moto unawashwa, si mkali. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia kupanda umebeba alkoholi nyingi. Unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, unapoa, na upande wa pili unadondoka tone kwa tone, kama jasho la mpishi aliyeinamia moto wake. Aliyewahi kuona gongo au chang'aa ikipikwa hana haja ya maelezo zaidi. Hata kitenzi kinafanana: sisi tunapika gongo, wao wanasema "wanaoka" rakija. Matone ya kwanza, yenye harufu kali kama ya gundi, hayanywewi. Mpishi anayeijua kazi huyatenga.

Sasa angalia ni nini kimepanda na mvuke. Alkoholi imepanda, harufu nayo imepanda. Rangi ya tunda haigeuki mvuke, inabaki chunguni pamoja na makapi. Sukari pia haipandi, ndiyo maana rakija ya tunda tamu kabisa haina utamu hata kidogo.

Cheri za maraskino hupondwa pamoja na kokwa zake, zikalowekwa kwenye alkoholi, kisha vyote vikapikwa. Kokwa ndizo zinazoleta ile harufu inayokaribia lozi. Wekundu hubaki nyuma, na utamu unaouonja ni sukari iliyotiwa mwishoni. Kiwanda mashuhuri cha kinywaji hiki kilianzishwa Zadar mwaka 1821 na Girolamo Luxardo, mtu wa kutoka Genoa. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliuharibu mji na kiwanda chake. Giorgio Luxardo, wa ukoo uleule, akaenda kuanza upya Italia, Torreglia, mwaka 1947, huku Zadar nako kukiendelea kutengenezwa maraskino kwa jina la Maraska. Ndiyo maana leo utaikuta pande zote mbili za Bahari ya Adria, na kila upande una hoja zake.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya rafu ya chupa za Kroatia, jiulize swali moja: hiki kiungo kiliingia kabla ya moto au baada ya moto?

Kabla ya moto: šljivovica ya plamu, fahari ya Slavonia, mashariki mwa Kroatia, na loza ya zabibu. Zote hutoka nyeupe. Ukikuta šljivovica ya rangi ya dhahabu, hiyo rangi ni ya pipa la mwaloni ilimokaa, plamu haihusiki.

Baada ya moto ndiko kwenye vituko. Travarica ya Dalmatia ni rakija iliyotiwa majani ya porini, na mara nyingi vijiti vyake bado vimesimama ndani ya chupa. Mgeni hukaribishwa kwa kiglasi chake na tini kavu kabla hata chakula hakijatajwa. Kama ni kuonja kimoja tu, mimi ningeanza na hiki. Istria, rasi ya kaskazini-magharibi mwa nchi, wana biska, iliyolowekwa majani ya mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, na mji wake ni Hum, unaojinadi kuwa mdogo kuliko yote duniani. Pelinkovac inatokana na pelin, yaani pakanga. Msomaji wa Ufunuo anaikumbuka nyota iliyoitwa kwa jina hilo, na akionja ataelewa kwa nini uchungu ulipewa mfano huo.

Halafu kuna orahovac, ambayo ni maraskino iliyogeuzwa chini juu. Mwishoni mwa Juni, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohane, watu huchuma jozi (walnut) zikiwa bado mbichi, laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Huzikata vipande, wakazitia kwenye mtungi wa kioo pamoja na rakija na sukari, kisha mtungi unakaa dirishani juani siku 40 hivi. Tunda liliingia la kijani, pombe iliingia nyeupe. Kinachomiminwa siku ya kuchuja ni cheusi kama kahawa.